Mgiriki wa Ofisi ya Ustawi

Vijana wawili walioachiwa meza yangu wameniomba niwaandikie uzoefu. Nimekubali, ingawa najua walitegemea kurasa mbili zenye nukta nukta za kubandika ukutani. Vyeo sitavieleza kwa kuwa nilikuwa navyo vichache, na mshahara hauna haja ya maelezo kwa sababu ninyi ndio mnaoupokea sasa. Nitaandika jinsi kazi ilivyokuwa, na mahali nilipoiharibu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa afisa ustawi wa wafanyakazi katika kiwanda cha chai nje kidogo ya Tukuyu. Kazi yenyewe, kwa msiotujua, ni kusikiliza. Mchumaji anaumwa mgongo, mwenye zamu ya usiku amegombana na mkewe, watu wa boila hawasemezani na watu wa kuni, na wote wanaishia kwenye kile chumba chenye dirisha linalotazama mapipa ya maji. Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kama kawaida yetu, na viatu vyangu vilikuwa vimekunywa maji hadi ndani. Mkuu wangu, Mzee Anyimike, alinitazama kuanzia shingoni hadi chini.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Kabla sijajibu akaingia mama mmoja mchumaji, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kibichi, basi nikamketisha nikamweleza juu ya subira, umuhimu wa familia, na jinsi kila tatizo lilivyo na mwisho wake. Nilizungumza kama nusu saa. Mama yule alinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Umemjibu vizuri sana," Mzee Anyimike alisema nilipomaliza. "Sasa tumuulize alikuja kwa nini."

Alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa stoo ya mabuti. Machozi yalikuwa ya moshi wa jikoni kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Alipewa ufunguo, akasema, "Ndaga fijo, tata," yaani ahsante sana, baba, akaniangalia kwa huruma na kwenda zake. Tai niliivua palepale na sikuivaa tena hadi harusi yangu.

Mzee Anyimike ndiye aliyenifundisha kazi. Ujanani alisoma seminari akafika mwaka wa falsafa, kisha akamwona binti mmoja wa Kyimo na wito wake ukabadilika. Alikuwa akisema alitoka seminari na vitu viwili tu, kikohozi na Wagiriki. Kikohozi kilikuja kupona. Wagiriki walikaa naye ofisini mpaka anastaafu, na aliyempenda kuliko wote ni Sokrate, mzee wa Athene aliyezunguka sokoni bila viatu akiwauliza watu maswali mpaka wakachoka naye wakamnywesha sumu. "Hakuwa na ofisi, hakuwa na muhuri," Mzee aliniambia, "na alikuwa afisa ustawi bora kuliko mimi na wewe. Alijua kwamba hajui. Wewe bado hujafika hapo."

Alikuwa akimtaja hivyohivyo, "Mgiriki", bila jina. "Mgiriki angemuuliza nini huyu?" Matokeo yake wafanyakazi wengi waliamini kwamba Mgiriki alikuwa mlowezi aliyewahi kumiliki shamba enzi za ukoloni. Mlinzi mmoja wa getini aliapa mbele yangu kwamba baba yake alimpalilia chai, na kwamba alikuwa mkali lakini mwenye haki. Sikumsahihisha. Kwa namna fulani alikuwa amemwelewa vizuri kuliko walimu wangu wa chuo.

Kifaa chetu kilikuwa daftari. Ukurasa wa kushoto unaandika alichosema mtu, kwa maneno yake, pamoja na makosa yake. Ukurasa wa kulia unaandika ushauri uliotamani kumpa, lakini humpi. Jioni unasoma kurasa zote mbili. Mwaka wa kwanza kurasa zangu za kulia zilijaa hadi pembeni, na karibu zote zilikuwa upuuzi. Mnaonifuata, kama mna kompyuta, wekeni safu mbili, matokeo yatakuwa yaleyale.

Nitawapa mfano mmoja. Lwitiko alikuwa fundi wa tanuri la kukaushia chai, na kila wiki ya zamu yake ya jioni chai iliungua. Alikuja akitaka kuhamishwa, kwani jirani yake alikuwa amemroga. Kwenye ukurasa wangu wa kulia niliandika "Ahamishwe." Mzee akaanza kumuuliza polepole. Inaungua saa zote? Hapana, kuanzia saa kumi na mbili. Saa hizo kuna nini? Giza linaingia. Kipimajoto unakisoma ukiwa wapi? Lwitiko akatuonyesha, akasimama hatua moja kutoka ukutani akakunja macho kama anayetafuta sindano. Tulimpeleka hospitali akarudi na miwani, na chai ikaacha kuungua. Jirani yake alipelekewa mkungu mzima wa ndizi bila kuambiwa sababu, na nasikia hadi leo anajiuliza.

Sitaki mdhani Mgiriki alishinda kila siku. Mama mmoja wa Kisiba aliyetaka kumwacha mumewe nilimuuliza, kwa sauti yangu nzito kabisa, ndoa njema ni nini. "Ningekuwa najua ningekuja kwako?" alisema, akachukua kapu lake akaondoka. Dereva wa lori niliyemuuliza ujasiri ni nini aliomba likizo keshoye.

Mzee Anyimike alipostaafu nikabaki na ofisi, daftari na Wagiriki wote. Pamoja na Sokrate kulikuwa na mtumwa mmoja kilema aliyefundisha watu kutenganisha yaliyo mikononi mwao na yasiyo mikononi mwao. Huyo nilimtumia sana katika mambo ya mvua. Mvua haiko mikononi mwetu, mabuti yako mikononi mwa mtunza stoo. Miaka ikapita, watu wakaanza kunisifu kwamba Bwana Ustawi hana haraka, Bwana Ustawi anauliza mpaka unajijibu mwenyewe. Nilizipenda sifa hizo. Niseme ukweli, nilizipenda mno, na nadhani ni hapo nilipoanza kuharibika.

Sasa niwajulishe kwa Atupele, kwa sababu bila yeye habari hii haina maana. Alipoajiriwa kwa mkataba katika chumba cha kuchambua chai, alikuwa ameolewa kijiji cha Masukulu, na baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, alikuwa mtu wa boila palepale kiwandani. Wenyeji mnajua tatizo. Kwa Wanyakyusa wa desturi, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye huingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye anageuza uso. Hiyo si chuki hata kidogo, ni heshima, na inalindwa na pande zote mbili. Siku hizi mjini wengine wanakula meza moja na hakuna anayeshangaa, lakini ukoo wa Ambilikile haukuwa umefika huko na haukuwa na haraka ya kufika.

Kwa hiyo nilipanga upya jedwali la zamu. Atupele aliingia kwa geti la mbele, Mzee Ambilikile kwa geti la kuni, na saa zao za chakula zikapishana. Nililipanga kwa mkono wangu na kulirekebisha kila mwaka, na kwa miaka sita watu wale wawili walifanya kazi chini ya bati moja bila kuonana. Sidhani niliwahi kufanya kazi nyingine safi kama ile. Atupele akawa mchambuaji hodari kuliko wote, na ikajulikana kwamba mkataba wake ukifanywa upya atakuwa msimamizi wa chumba. Mumewe alikuwa ameumia mguu na hakuweza kulima tena, watoto wawili wako sekondari. Nyumba yote ilikuwa inategemea mkataba ule.

Miaka miwili kabla sijastaafu tukapata meneja mpya, mgeni wa kutoka Tanga, mtu mwenye nia njema na haraka nyingi. Alituletea kocha wa maisha kutoka Dar es Salaam kwa semina ya siku mbili. Kabla ya mikataba kufanywa upya, kocha angejaza fomu ya kila mfanyakazi kuonyesha kama yuko tayari kwa mabadiliko. Mabadiliko gani, fomu haikusema.

Kocha Doreen alikuwa msichana wa miaka kama thelathini hivi, viatu vyeupe, sauti ya kutosha kanisa. "Jamani, tuko poa?" aliuliza, na kantini nzima iliyozoea kuulizwa habari za asubuhi ikamtazama kwa mashaka. Akawasha projekta. Picha ya kwanza ilisema JITAMBUE. Nikakaa sawa kwenye kiti. Picha ya pili ilisema kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wako na yaliyo nje ya uwezo wako, ikiwa imechorwa maduara mawili. Ya tatu ilisema tabia njema ni mazoezi ya kila siku. Mpaka saa ya chai alikuwa amemaliza Wagiriki wangu wote, mmoja baada ya mwingine, na hakumtaja hata mmoja. Alisema ni mbinu za kisasa kabisa.

Nilitabasamu peke yangu kule nyuma. Mzee Anyimike alihitaji miaka kumi na minane kunifundisha yale, na hapa yamekwisha kabla maandazi hayajapoa. Mgiriki alipewa kikombe cha sumu, sisi tungepewa vyeti. Ningeishia kutabasamu na hakuna ambaye angeumia, lakini kocha akaninyooshea kidole.

"Wewe baba hapo nyuma, unayecheka. Ndoto yako ni nini?"

"Kustaafu," nilijibu.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtu asiye na ndoto ameshakufa," aliwaambia watu wote, "anasubiri tu kuzikwa." Watu wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Hata Lwitiko alicheka, mpaka akavua miwani kufuta machozi, miwani ambayo ni mimi niliyemtafutia. Niliumia. Mtu mwenye daftari la kurasa mbili angetakiwa kuliandika lile upande wa kushoto na kulala. Mimi nililala nalo kifuani.

Siku ya pili kocha alitaka zoezi la macho kwa macho. Kila mtu ahesabu namba kwa sauti, moja hadi ishirini, kisha tena moja hadi ishirini. Wenye namba sawa wangesimama pamoja, washikane mikono, watazamane bila kupepesa na kuambiana ukweli mmoja. Atupele alikuwa mbele na wanawake wenzake, Mzee Ambilikile nyuma kabisa na watu wa boila, na hadi hapo wote walikuwa wamefanikiwa kutoonana kwa kujifanya wanatazama projekta. Hesabu ikaanza. Atupele akasema, "Saba." Ikazunguka. Nikahesabu vichwa vilivyobaki, nikajua itakapoangukia. Mzee Ambilikile akasema, "Saba," kwa sauti ya chini, maana naye alikuwa amesikia.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, "Kocha, hao wawili wabadilishe." Maneno manne, na isingechukua hata dakika. Sikuyasema. Nikakunja mikono nikawaza, acha leo kocha mwenyewe ajitambue.

"Saba na saba!" kocha aliita. "Mko wapi? Msiogope!"

Atupele alijifunika kitenge kichwa hadi usoni. Mzee Ambilikile aligeukia ukuta. Kocha akadhani ni aibu za kawaida, akamshika Atupele mkono akaanza kumvuta katikati ya ukumbi huku akisema, "Usikimbie hofu yako, dada, itazame!" Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango, na mlango ulikuwa mmoja. Atupele akajichomoa, akakimbilia upande wa jiko, na mwanamke yule mtu mzima, mama wa watoto wawili, akapita kwenye dirisha la kupitishia chakula. Sufuria zilianguka. Hakuna aliyecheka. Niliona wazee wakitazama sakafu, na mmoja akanitazama mimi.

Kocha alimaliza zoezi, akajaza fomu. Mchana ule zilipita mezani kwangu kwenda kwa meneja. Ya Atupele iliandikwa: "Anakimbia changamoto. Hayuko tayari."

Jioni nilikwenda Masukulu. Nilimkuta Atupele kibarazani akimenya ndizi, mumewe ameketi kando na mguu juu ya kigoda. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nami nikaanza kwa sauti yangu ya kazini.

"Mama, unajisikiaje baada ya yale ya leo?"

"Bwana Ustawi, naomba leo niulize mimi," alisema bila kuacha kumenya. "Tulipohesabu, saba yangu uliisikia?"

"Niliisikia."

"Na ya mzee?"

"Niliisikia pia."

"Jedwali la zamu nani alilipanga?"

"Mimi."

"Sasa pale ulikuwa unasubiri nini?"

Mumewe aliinamisha kichwa. Mimi nilitafuta jibu na kila nililolipata lilikuwa la aibu. Nilikuwa nikisubiri kuona msichana mdogo akiumbuka kwa sababu aliwafanya watu wanicheke. Nilimwambia kwamba sijui. Ulikuwa uongo, na ndiyo siku pekee niliyolitumia vibaya neno la Mgiriki nikijua kabisa ninachofanya.

Asubuhi nilimfuata kocha kwenye nyumba ya wageni Tukuyu mjini kabla hajaondoka. Alikuwa anakunywa chai, begi liko miguuni. Nilimweleza mila yote, baba mkwe, migomba, mageti mawili. Nilitegemea abishane, na nilikuwa nimejiandaa na Wagiriki wa kutosha. Yeye aliweka kikombe chini, macho yakajaa maji.

"Mimi nilimshika mkono," alisema. "Baba, sikujua. Na sikuuliza. Jana nimewaambia watu wajitambue, mimi sijui hata nilikuwa nazungumza na nani." Akasimama. "Meneja anafika saa ngapi?"

Nilikuwa nimewafundisha watu kwa miaka mingi jinsi ya kusema neno lile la "sijui", na sikuwahi kulisikia likisemwa haraka hivyo. Tulipanda bajaji hadi kiwandani. Nilikuwa bado sijamwambia kwamba mimi nilijua mapema.

Kwa meneja tulimkuta Atupele amesimama karibu na mlango. Alikuwa ameitwa kuchukua barua ya kumalizika kwa mkataba, na barua ilikuwa mezani, imekwisha kuchapwa. Kocha hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Fomu ya huyu dada nimekosea. Yule baba ni mkwe wake, na kwa mila ya hapa hawatazamani. Alitoka kwa heshima, mimi nikaandika woga. Kosa ni langu, sikujua."

Meneja aliisoma fomu tena, akamtazama Atupele, akaichana. Barua nayo ikaingia chini ya faili. "Basi yamekwisha," alisema. "Mkataba unaendelea, na habari ya usimamizi iko palepale. Samahani, mama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kitu asichokijua."

Yalikuwa yamekwisha kweli. Atupele amepata kazi yake, kocha amebeba lawama bila kulalamika, na mimi nilionekana mtu mwema aliyemleta kutubu. Meneja alikuwa ameshaninyooshea mkono wa shukrani. Hakuna aliyehitaji neno langu tena, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango, naye alikuwa haniangalii.

"Mimi nilijua," nilisema.

"Ulijua nini?" Meneja aliuliza.

"Nilijua kabla namba hazijaitwa. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka kocha aaibike."

Kocha Doreen alinigeukia taratibu. Meneja alirudisha mkono wake mezani, akaniambia nitapata maandishi, na kweli niliyapata, barua ya onyo ya ukurasa mmoja na nusu, imo kwenye jalada langu na mnaruhusiwa kuisoma. Hakuna neno moja lililotiwa chumvi.

Mliniuliza, ninyi vijana, kama ukocha wa siku hizi na hekima ya Wagiriki ni kitu kimoja. Maneno ni yaleyale, hilo nimelithibitisha kwa macho yangu siku ya projekta. Tofauti niliyoiona ni kwamba yule msichana aliyekuwa na maneno tu ndiye aliyeyatenda, mimi niliyekuwa na Mgiriki mwenyewe nikachelewa siku nzima.

Tulitoka ofisini mimi na Atupele kwa pamoja. Nilisimama kwenye mlango wa nje, nikamngojea. Sitaficha kwamba nilikuwa nataka shukrani, au hata neno dogo la kunisamehe, na nilimtazama kama mtoto aliyerudisha kitu alichoiba.

"Bwana Ustawi," alisema, akiwa anafunga kitambaa cha kazi kichwani, "zamu yangu inaanza. Naomba unipishe."

Nikampisha.